Isikizya, ambako mbolea iko juu ya miti

Familia inayopanga kwenda Tabora wakati wa likizo huwa na orodha fupi kichwani: tembe la Livingstone kule Kwihara, miembe ya zamani, na dumu la asali la kurudi nalo nyumbani. Isikizya haimo katika orodha hiyo. Ni makao makuu ya wilaya ya Uyui, takriban kilomita 30 kaskazini mwa Tabora mjini, upande wa kwenda Nzega. Mgeni hukuta ofisi za serikali, maduka, bodaboda zilizopangwa kivulini na watoto wa shule wanaomwamkia kwa goti: "Mwangaluka." Atakayeitikia "Mwangaluka" atapata rafiki papo hapo.

Wilaya ya Uyui imeizunguka Manispaa ya Tabora, na kwa miaka mingi ofisi zake zilikuwa huko huko mjini. Zilipohamia Isikizya, pori na mashamba vikawa jirani wa meza za watumishi. Mzazi mwenye mtoto anayesoma sayansi darasani, akipata siku moja ya kupita huku, atamwonyesha kwa macho jambo ambalo kitabu hulieleza kwa mishale na duara: chakula cha mimea kinatoka wapi, kinapita wapi, na kinapotea vipi.

Wakati mzuri ni Septemba, katika likizo ile fupi. Mvua ya mwisho imesahaulika, vumbi limefunika kila kitu, na majani makavu yanavunjika chini ya viatu kama chapati za jana. Ghafla miti inaanza kuchipua. Tena haichipui kijani. Miyombo na mitundu hutoa majani mapya yenye rangi ya shaba, mekundu, mengine ya zambarau, hata mlima mzima ukaonekana kama unaungua bila moshi.

Mtoto yeyote atauliza: "Mama, mbona imechipua na mvua haijanyesha?"

Swali hilo ndilo mlango wa kuingilia. Rangi nyekundu wataalamu wa mimea huieleza kama kinga ya jani changa dhidi ya jua kali. Kuchipua kabla ya mvua kunawezekana kwa sababu mti una akiba. Kabla ya kuangusha majani yake wakati wa kiangazi, mti huyanyonya kwanza: huvuta naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye jani linalozeeka na kuzirudisha kwenye matawi, shina na mizizi. Linaloanguka chini ni jani lililokwisha kukamuliwa. Majira yakigeuka, akiba ile ile inatumika kutengeneza jani jipya.

Sasa mwambie mtoto achote udongo kiganjani. Katika sehemu za juu za Uyui atapata mchanga mwepesi, unaopita katikati ya vidole. Wasukuma na Wanyamwezi wana jina lake, luseni, na wanaujua tofauti na udongo mweusi wa mbuga ulio chini bondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, ambako watu hulima mpunga. Luseni haishiki chakula cha mimea. Maji yakipita, yanakwenda nacho.

Ndiyo maana mgeni anayetazama msitu huu mnene na kudhani ardhi yake ina rutuba nyingi hupotea hesabu. Ni kama duka la mtaji mdogo ambalo kila siku lina wateja: fedha yote iko kwenye mzunguko, benki hakuna kitu. Mbolea ya Uyui iko juu, katika majani, matawi na magome, na katika zulia jembamba la majani yaliyoanguka. Ikishuka leo, kesho kutwa inapandishwa tena.

Wanaoipandisha wanastahili kutajwa. Wa kwanza ni uyoga. Kile kikofia kinachoonekana mvua zikianza ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotapakaa ardhini na kuivika mizizi ya miyombo na mitundu kama soksi. Nyuzi hizo hufika mahali ambapo mzizi haufiki, huokota fosforasi na maji, na mti huzilipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Uyoga wa manjano unaouzwa kando ya barabara za Tabora kati ya Desemba na Machi ni wa jamii hiyo. Haupandwi shambani, kwa sababu hauishi bila mti wake. Msitu ukikatwa, mama wa nyumbani anakosa mboga ya miezi mitatu ambayo hakuwahi kuilipia.

Wa pili ni mchwa. Kichuguu cha Uyui kinaweza kumzidi mtu mzima kimo. Mchwa hubeba majani na vijiti hadi ndani, na huleta juu udongo wa mfinyanzi kutoka chini sana. Miaka ikipita, kichuguu kinakuwa kisiwa cha udongo mzuri katikati ya mchanga, ndiyo maana mahindi yaliyooteshwa juu ya kichuguu kilichosawazishwa huwa ya kijani kibichi wakati wenzake wana njano. Wakulima wengine huchimba udongo huo na kuusambaza shambani. (Ndio huo huo ambao kina mama wajawazito wengi huula, hilo ni jambo la kuzungumzwa kliniki.)

Wa tatu ni mkulima wa zamani wa Kinyamwezi na matuta yake. Kupanda kwenye matuta makubwa huku magugu na mabua yakizikwa ndani yake ni ufundi wa siku nyingi katika nchi hii. Tuta la mwaka jana linapasuliwa katikati, magugu yanaingizwa, udongo unafunikwa juu. Magugu yanaoza na kulisha viazi na karanga. Hakuna aliyehitaji kumweleza bibi neno "mzunguko wa virutubisho". Aliuona kwenye michembe yake.

Njia ya misafara

Nchi hii imezoea kuona mali yake ikiondoka kichwani mwa watu. Katika karne ya 19, Kazeh, yaani Tabora ya leo, ilikuwa njia panda ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa: njia moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Karagwe na Buganda, na njia ya kurudi Bagamoyo. Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh Novemba 1857. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, na kila msafara ulihitaji kula. Mtama, mpunga, viazi na maharage vililimwa kwa wingi kuuzwa kwa wapita njia, na pori karibu na Unyanyembe likafyekwa sehemu kubwa.

Julai 1858 Speke alimwacha mwenzake Kazeh na kuelekea kaskazini kupitia Unyamwezi na Usukuma. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, ambaye baadaye alisafiri na wageni wengine kadhaa. Mwanzoni mwa Agosti waliliona ziwa kubwa upande wa Mwanza. Ilikuwa ni safari ya wiki tatu na ushee kwa miguu.

Leo maji ya ziwa hilo yanasafiri kinyume chake. Yanachotwa Ihelele, wilayani Misungwi, na kusukumwa kwa bomba hadi Shinyanga, Nzega, na kupitia Uyui hadi Tabora. Kabla ya hapo mji wa Tabora ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Habari ya bomba hilo itarudi chini, kwa sababu lina uhusiano na moshi.

Msitu unaoonekana leo si wote ulikuwepo wakati wa Speke. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi Afrika Mashariki, vita na njaa vikapunguza watu, na mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa pori. Pori likaleta mbung'o, mbung'o wakaleta malale, na baadaye serikali ya kikoloni ikahamisha vijiji vizima vya magharibi mwa Tanganyika kuwaepusha na ugonjwa huo. Anayesema miti hii ni ya tangu enzi za Adamu hajui historia yake. Nyingine ni miti iliyoota juu ya mashamba ya watu. Hapo pana habari njema ndani yake: pori la miombo likiachwa, visiki vyake huchipua na kurudi.

Bani na ada ya shule

Kinachosumbua ni kwamba siku hizi haliachwi muda wa kutosha.

Tumbaku ndiyo zao la fedha la Tabora, na Uyui wamo. Ni haki kusema waziwazi kwamba imesomesha watoto. Nyumba nyingi za bati, pikipiki na ada za sekondari vimetoka kwenye majani hayo. Mzazi anayelima tumbaku hana sababu ya kuhubiriwa na mgeni aliyepita kwa basi. Lakini hesabu yake ina mistari ambayo haiandikwi kwenye stakabadhi ya chama cha msingi.

Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika bani, kijumba cha matofali chenye tanuri na mabomba ya kupitishia moto. Moto huwaka usiku na mchana, siku tano hadi saba bila kuzimwa, kwa kila mzigo wa majani. Kuni zinatoka porini. Shamba nalo lilitoka porini, kwa kuwa tumbaku inapenda ardhi mpya: baada ya misimu michache mchanga umechoka, na minyoo ya mizizi imezaliana, kwa hiyo mkulima anafungua shamba jingine. Hivyo mti unakatwa mara mbili, kwanza kupisha shamba, kisha kukausha kilichovunwa.

Tumbaku pia ni mlaji mkubwa. Huvuta naitrojeni na hasa potasiamu nyingi kutoka ardhini, na zote huenda na jani. Karanga zingeacha majani yake shambani, mahindi yangeacha mabua. Jani la tumbaku ndilo mazao yenyewe: linafungwa marobota, linapanda lori hadi viwanda vya Morogoro, kisha linavuka bahari. Mfuko wa mbolea ya dukani unarudisha sehemu, kwa mkopo, na sehemu ya mbolea hiyo hupita katikati ya mchanga na kwenda bondeni kabla mmea haujaigusa. Pembe za ndovu zilibebwa kuelekea upande huo huo.

Kuna jambo ambalo mzazi wa Uyui analijua kuliko mwandishi yeyote. Majani ya tumbaku yakiwa na umande au mvua, nikotini huyeyuka na kupenya kwenye ngozi ya anayeyachuma. Mtu anapata kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika, kichwa kinauma. Mtoto, kwa kuwa mwili wake ni mdogo, huumia upesi zaidi. Wengi hudhani ni malaria au njaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi hatarishi, na hii ni mojawapo kwa akili ya kawaida. Anayechuma, awe mtu mzima, avae mikono mirefu na glavu, asubiri umande ukauke, na aoge kabla ya kumbeba mtoto mchanga.

Moshi unakwenda wapi?

Anayesafiri njia hii kati ya Agosti na Oktoba ataona moto mwingi kuliko ule wa mabani. Watu huchoma pori kuandaa mashamba, kupata nyasi changa za ng'ombe, kuwinda, au kwa uzembe tu wa warina asali na wachoma mkaa. Jioni jua linazama likiwa jekundu, watoto wanapiga picha, wakubwa wanakohoa.

Jani likioza chini, naitrojeni yake inabaki karibu na mizizi. Likiungua, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo inageuka hewa na kuondoka. Majivu yanaacha potasiamu na kalsiamu, ndiyo maana shamba lililochomwa hustawi mwaka wa kwanza na kumdanganya mwenye nalo. Majivu mepesi na vumbi, pamoja na fosforasi iliyomo, hupeperushwa. Na upepo wa kiangazi hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi.

Kaskazini kuna Ziwa Victoria. Mtafiti wa Kitanzania, Rashid Tamatamah, aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa sekta ya uvuvi, alipima na wenzake kiasi cha fosforasi kinachoshuka ziwani kutoka angani, kwa mvua na kwa vumbi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, zaidi ya nusu ya fosforasi yote inayoingia katika ziwa lile ilionekana kutoka angani. Watu wengi wangetaja mito na mifereji ya miji kwanza. Kumbe moshi na vumbi la nchi zinazolizunguka ziwa ni mto wa aina yake, usio na kingo wala jina.

Fosforasi iliyokuwa chakula cha mtundu, ikifika ziwani inakuwa chakula cha mwani. Maji yanageuka kijani, mwani ukifa na kuoza unakula hewa ya oksijeni, na samaki wa chini wanakosa pumzi. Gugumaji lililovamia ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 linastawi kwa chakula hicho hicho. Na maji yale yale, baada ya kusafishwa kwa gharama, ndiyo yanayorudi kwa bomba kuelekea Nzega na Tabora. Mtoto aliyekinga kikombe kwenye bomba hana namna ya kujua kwamba maji yake na moshi wa mwezi wa tisa vimewahi kukutana.

Mabwawa ya nyumbani nayo hayajasalimika. Mvua za kwanza za Novemba huosha ardhi tupu: mchanga, samadi na mabaki ya mbolea vinateremka hadi bondeni, na bwawa linapungua kina mwaka hadi mwaka.

Halafu kuna joto. Mpeleke mtoto kwenye shamba lililo wazi saa nane mchana, aweke kiganja chini, kisha aingie kivulini mwa miombo aweke tena. Hahitaji kipimajoto. Ardhi iliyo uchi inachemka, na ardhi ya moto huozesha mabaki ya mimea haraka kuliko mazao yanavyoweza kuyatumia. Hali ya hewa inapozidi kuwa ya joto, na mvua ya mwezi inapomwagika kwa siku mbili, luseni inapoteza kilichokuwemo kwa kasi zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa kanda hii. Wakulima huusikiliza redioni, lakini bado wengi hupanda wakitazama mitundu.

Tumbi na ngitili

Magharibi mwa Tabora mjini kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wake, wakishirikiana na shirika la utafiti wa kilimo mseto la ICRAF, walijaribu njia ya kumpa mkulima kuni bila kumaliza pori. Mahindi hupandwa pamoja na miche ya miti inayokua haraka, ikiwemo migunga kutoka Australia. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo mkulima anavuna mahindi. Kisha miti inaachwa ikue, inaangusha majani na kurudisha naitrojeni ardhini, na kufikia mwaka wa tano inakatwa kwa ajili ya bani, na mahindi yanarudi mahali pake. Ni wazo zuri. Ugumu wake ni kwamba linamtaka mtu awe na hakika kwamba shamba litakuwa lake miaka mitano ijayo, na si kila familia ya Uyui ina hakika hiyo. Mikaratusi ambayo wengi wamepanda inasaidia kwa kuni, ila haileti uyoga ule wa mitundu, wala ntalali wala mbula.

Jirani zao wa Shinyanga walikwenda njia nyingine. Kuanzia mwaka 1986, mradi uliojulikana kama HASHI ulifufua ngitili, desturi ya Kisukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili ng'ombe wale kiangazi. Visiki vikaachwa vichipue. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta mia chache zikaongezeka hadi mamia ya maelfu ya hekta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna aliyepanda sehemu kubwa ya miti hiyo. Watu walikubaliana tu kuiacha.

Kwa familia inayotaka kwenda: Septemba ni ya majani mekundu, Desemba na Januari ni ya uyoga na matunda pori. Mtu asiingie katika hifadhi ya msitu bila kibali cha TFS, na akitaka kutembea katika msitu wa kijiji, aanzie kwa mwenyekiti wa kijiji. Uyoga ununuliwe kwa wanaoujua, mtoto asiachwe aokote mwenyewe. Kofia, maji, viatu vya kufunika vidole. Basi la Nzega huwashusha abiria Isikizya, na la kurudi Tabora hupita likiwa na ndoo za mboga chini ya viti. Masika, ndoo mojawapo ina uyoga wa manjano, na basi zima linajua kwa harufu.